Perege wa Kituo cha Saba

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mguu wako hauvimbi tena ukikaa sana kwenye cherehani, na kwamba yule mdogo ameacha kunyonya kidole. Mimi naendelea vizuri. Mkono umeunga, ingawa umeunga kwa kupinda kidogo, na mshono wa kichwani umekauka. Nywele zimekataa kuota pale, nimekuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu akaachwa aende. Blanketi ulilotuma lilifika, nalilalia kila siku. Nakaa katika stoo ya kituo chetu cha utafiti, kati ya nyavu na masanduku ya barafu, kwa sababu chumba changu kule mtaani kilichomwa moto.

Barua hii nampa dereva wetu ailete mkononi mwako, maana kesho anapita huko kwenu, na yenyewe haiwezi kungoja. Uliniambia kwenye simu kwamba Alhamisi utasimama mbele ya tume inayochunguza ghasia kwa niaba ya familia, na utasema Daktari, mkuu wetu hapa kituoni, ndiye aliyemuua mdogo wetu kwa nambari zake za kubuni. Ulisema maneno umeyapanga hadi unayaota. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani ni uchungu. Dada, kabla hujapanda basi, nakuomba usome karatasi hizi zote. Usikimbilie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na barua za baba.

Hujawahi kuja kuiona kazi yangu, na marehemu Kitinda alikuwa akikueleza kwa mzaha tu, kwa hiyo nianzie hapo. Bwawa letu ni kinamasi kikubwa, matete mbele na matete nyuma. Juu, pale mto unapoingia, wapo waosha dhahabu. Wanachota tope, wanalichanganya na zebaki ili chembe za dhahabu zishikane, kisha wanachoma zebaki iende na moshi. Inayobaki inaingia majini. Chini wapo wavuvi, na chini zaidi upo mji unaokula samaki hao. Daktari alikuja kutafuta jibu la swali moja: zebaki inapandaje kutoka kwenye tope hadi kwa konokono, kutoka kwa konokono hadi kwa samaki, hadi kwa mtoto aliyeketi mezani.

Kazi yangu ni kuua na kusaga. Nampiga samaki kichwani kwa kirungu, pigo moja, maana Daktari hataki wateseke. Namchuna, nakata kipande cha nyama ya mgongo, nakikausha katika oveni kwa siku mbili, kisha nakisaga kwa kinu kidogo cha kauri hadi kiwe laini kama poda ya mtoto. Nusu ya unga huo inapimwa zebaki hapahapa kwetu. Nusu nyingine naipima kwa mizani inayoshtuka hata ukipumua, naifunga katika kikombe cha bati kidogo kuliko punje ya hindi, inasafirishwa mbali kwenye mashine kubwa, ikapimwe isotopu. Majibu yake huchukua miezi minne, mitano.

Jina la isotopu lisikutishe. Daktari alinieleza kwamba ndani ya mwili kuna naitrojeni nyepesi na nyingine nzito, na kila anayekula mwenzake hubakiwa na ile nzito zaidi kidogo kuliko huyo aliyeliwa. Anayekula majani yuko chini, anayemla huyo yuko ngazi moja juu, na anayewala wote yuko juu kabisa. Kaboni nayo huonyesha mlaji alilishwa na upande gani wa bwawa. Basi hata samaki akiwa unga usio na kichwa wala mkia, unga wenyewe unasema alimla nani na alimlia wapi. Kitinda aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. Akasema kumbe tunamsaga samaki ili tumuulize amekula nini, si tungemuuliza kabla hatujampiga rungu, huenda angetujibu kwa heshima.

Alikuwa akija kwangu kila Jumapili nimkate nywele. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika masikio yake yote mawili kwa mikono, kwa sababu ya ile siku ulipomkata ncha ya sikio akiwa na miaka mitano. Mtu mzima, mwenye ndevu, ameshika masikio. Nilikuwa nikimwambia atoe mikono nimalizie pembeni, naye ananiambia pembeni paache hivyohivyo.

Wewe alikwambia kwamba alikwisha kuwaacha waosha dhahabu. Alikudanganya, dada, na mimi nilijua. Hakutaka ukose usingizi. Alikuwa bado anaosha katika dimbwi la juu kabisa, ambalo sisi kwenye ramani tunaliita Kituo cha Saba, na aliniahidi atatoka mvua zikianza.

Lakini bwawa lilikwisha kuchafuka, na sisemi zebaki. Ilianza kwa nyavu kukatwakatwa. Wavuvi wakasema ni waosha dhahabu, waosha dhahabu wakasema ni mamba. Kisha ndugu wa muuza nyavu, yule mwenye duka ambaye ndiye mwenyekiti wa wavuvi, akaokotwa kwenye matete vidole vyote vya mkono wa kulia vimepondwa kwa koleo, kimoja baada ya kingine, juu ya jiwe. Haikupita wiki wavuvi wakamkamata mwosha dhahabu mmoja akinunua sabuni, wakamfunga miguu nyuma ya mtumbwi wenye injini, wakamvuta katikati ya matete. Nilimwona alipotolewa. Mgongo ulikuwa umechunika kama ninavyowachuna samaki wangu, na alikuwa bado anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyemtajia. Alikufa siku ya tatu.

Katikati ya mambo hayo sisi tuliendelea kuchukua sampuli. Daktari alihitaji perege watano kutoka Kituo cha Saba. Perege ni samaki mdogo, anakula ukoga na majani yaliyooza, yuko karibu na chini kabisa ya ngazi. Alitaka kujua zebaki iko kiasi gani pale mwanzo, karibu na chimbuko lake. Nilikwenda mara mbili nikarudi mikono mitupu. Mara ya tatu niliwakuta waosha dhahabu wanampiga mwenzao waliyesema ameiba tope. Walikuwa wamemkandamiza uso ndani ya karai lenye maji na zebaki, wanahesabu hadi ishirini, wanamwinua, wanamrudisha. Kitinda siku hiyo hakuwepo, alikuwa na homa. Mmoja aliponiona alinipiga mpini wa koleo mgongoni, akaniambia nichukue sanduku langu la kipelelezi nipotee. Mitego yangu niliiona imekanyagwakanyagwa kwenye tope. Nikarudi kituoni na sanduku. Nikasaga, nikaandika lebo, nikapeleka unga kupimwa.

Majibu ya zebaki yalitoka baada ya siku tisa. Wale perege watano wa Kituo cha Saba walikuwa na zebaki mara nane ya kiwango anachoruhusiwa mtu kula. Daktari aliipitia karatasi mstari kwa mstari. Aliniambia nipime tena, nikapima tena, ikawa ileile. Alisema samaki wa chini ya ngazi hawezi kubeba mzigo wa namna hiyo, labda kama anaogelea ndani ya zebaki yenyewe. Aliniuliza kama lebo ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Akasema basi moyo wake ungependa kungoja isotopu, lakini kuna watoto wanaokula samaki hao leo, na hawezi kukaa na jambo hilo miezi mitano. Akaandika tangazo: watu wasile samaki wa dimbwi la juu mpaka uchunguzi ukamilike. Hakuandika neno lolote juu ya waosha dhahabu. Hiyo haikusaidia. Muuza nyavu alilichukua tangazo akalisoma sokoni juu ya kreti la soda, na alipofika kwenye neno watoto akalisoma mara tatu.

Kesho yake saa nne asubuhi wavuvi walipanda hadi dimbwi la juu. Walikuwa zaidi ya mia moja, na mapanga, makasia na chusa za kuchomea samaki wakubwa. Nilitupa koti la maabara nikakimbia kwa njia ya matete ili niwahi kumtoa Kitinda. Nilisikia kabla sijaona. Panga likikutana na mfupa linatoa sauti ya kuni mbichi, na siku hizi mtu akipasua kuni uani kwetu naondoka.

Dimbwi lilikuwa jekundu upande mmoja na la kijivu upande wa pili. Mtu mmoja alikuwa akitambaa huku ameushika utumbo wake kwa kiganja kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Wawili waliburutwa hadi kwenye moto wao wa kuchomea zebaki. Mzee aliyekuwa akiwapikia chai alijificha chini ya turubai, wakalitwanga turubai kwa makasia mpaka likalala bapa. Wavuvi nao waliumia, maana waosha dhahabu walipigana kwa koleo. Nilimwona kijana wa duka la ndoana amekaa chini anayatafuta meno yake.

Kitinda alikuwa amevuka. Dada, nataka ujue hili: alikuwa amekwisha kuvuka, ameingia kwenye matete ya upande wa pili, na hakuna aliyemwona. Mimi ndiye niliyeita jina lake. Kasia likanishukia kwenye mkono, nikasikia mfupa unakatika, la pili likanipasua kichwa, nikaanguka. Yeye akatoka kwenye matete akarudi, maji kifuani, ameshika karai la chuma mbele yake. Alikuwa akisema, "Mwacheni, huyo ni kaka yangu, yeye anapima tu." Hapo kuna maneno yalisemwa ambayo sikuwaambia polisi, nitayafikia. Kisha chusa ikaingia chini ya mbavu. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama, kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza. Akakaa kwenye maji ya magotini. Makasia yalifanya kazi iliyobaki, na sikufumba macho, ingawa sijui ni kwa faida ya nani.

Walikufa tisa, saba wa dhahabu na wawili wa samaki. Hospitalini walitulaza pamoja, vitanda havikutosha kututenganisha. Usiku wa kwanza mvuvi mmoja aliburura mguu wake uliofungwa plasta hadi kitanda cha jirani, akamzungushia mwosha dhahabu mpira wa dripu shingoni. Muuguzi alimpiga kwa beseni ndipo akaachia. Wewe ulipokuja ulituletea uji, mimi na hao wawili, bila kujua nani ni wa upande gani, na sote watatu tulikushukuru.

Isotopu zilirudi mwezi uliopita. Daktari aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Alikuwa amechora mchoro wa bwawa zima kwa nukta, konokono na wadudu chini, perege juu kidogo, kambare wakubwa juu kabisa. Nukta tano zilizoandikwa perege wa Kituo cha Saba hazikuwa mahali pa perege. Zilikaa juu, katikati ya kambare. Kaboni yao haikuwa ya dimbwi la juu. Ilikuwa ya mfereji wa chini, karibu na mji. Tena zilikuwa zimekaliana, nukta juu ya nukta. Alisema kwa upole kwamba hata ndugu watano wa tumbo moja hawafanani hivyo, kwamba hawa hawakuwa samaki watano, alikuwa samaki mmoja.

Alikuwa sahihi. Ile siku ya tatu sanduku nililorudi nalo lilikuwa tupu. Nilikuwa na alama ya mpini mgongoni, na nilijua nikisema sikupata, Jumatatu nitatumwa tena kwa wale watu. Katika jokofu kulikuwa na minofu iliyobaki ya kambare mkubwa wa mfereji wa chini, samaki mzee aliyekula wenzake maisha yake yote na kukusanya zebaki ya kila mmoja. Nyama ikishachunwa ni nyeupe, na ikishasagwa ni unga. Nilimgawa kambare huyo katika vifuko vitano, nikaandika perege, Kituo cha Saba, kwa mwandiko uleule mzuri ulionifundisha wewe. Nilijiambia kwamba nambari tano katikati ya mia tatu zitapotea. Sikufikiri hata kidogo juu ya zebaki. Nilifikiri juu ya Jumatatu.

Baada ya ghasia Daktari alipanda na askari akavua perege wa kweli kule juu. Zebaki walikuwa nayo, lakini chini ya kiwango. Walio hatari ni kambare wakubwa wa chini, ambao wavuvi wenyewe wanawauza na sisi sote tunawala. Tangazo letu liliwakataza watu samaki asiye na kosa, wakaendelea kumla mwenye kosa.

Na maneno yaliyosemwa ni haya. Kitinda alipotoka majini, muuza nyavu aliinua mkono, wote wakasimama. Kweli walisimama. Huyu ni mtu niliyekunywa naye chai mara nyingi kwenye kibaraza cha duka lake. Aliniinamia pale chini akaniuliza, "Wewe ndiye uliyepima. Ile karatasi ni ya kweli au ni ya uongo? Sema, watu wasikie."

Kitinda akaniambia, "Waambie, kaka."

Hakujua anaomba niseme nini. Alidhani ukweli, wowote ule, utatusaidia. Mimi nilijua kwamba neno moja lingewarudisha nyumbani, au lingewageuza wote waniangukie mimi. Nikasema, "Ni ya kweli." Ndipo muuza nyavu akashusha mkono.

Sasa unajua. Daktari naye anajua habari ya vifuko, kwa sababu nilimwambia siku ileile ofisini. Haya ya dimbwini hayajui. Alinitazama mkono uliopinda, akasema lebo zote zinapita kwenye meza yake, kwa hiyo kosa ni lake, na mtu aliyezika ndugu hawezi kubebeshwa tena. Ndivyo alivyoiandikia tume, kwamba sampuli zilichanganyika chini ya usimamizi wake. Hiyo ndiyo barua iliyokufikisha kwenye hasira uliyo nayo. Nilimwachia aitume. Nimeishi wiki tatu kwa huruma yake, nakula chakula chake, nikimsikia mtaani anaitwa muuaji, na kila siku niliona kesho ni siku nzuri zaidi ya kusema.

Jana nilikwenda kwa katibu wa tume, nikaandika maelezo yote kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Aliniuliza kama najua kitakachonipata, nikamwambia najua nusu yake. Kwa hiyo Alhamisi nitakuwa ukumbini. Daktari ataketi upande wa kushoto, karibu na mlango. Mimi nitakuwa kulia, benchi la mbele, chini ya dirisha. Wakiita familia ya marehemu, nenda ukasimame, dada. Yale maneno uliyoyapanga yaseme yote, usipunguze hata moja kwa sababu yangu. Ila ukiyasema, niangalie mimi.

Sikuombi msamaha katika barua, kwa sababu barua haikupi nafasi ya kukataa. Nguo za Kitinda nimezifua na kuzikunja, dereva anazo kwenye begi la bluu. Kuna soksi moja haina mwenzake. Aliipenda hivyo, akiivaa kwa kulalia, na nimeona nisiitupe.

Nisalimie shemeji, umwambie nimepokea salamu zake. Wabusu watoto wote, na umwambie yule mkubwa kwamba hesabu alizonitumia nimezisahihisha, amepata zote isipokuwa ya nne. Wakikuuliza habari zangu, waeleze kadiri umri wao unavyobeba, lakini usiwaambie kwamba sina kosa.

Watu wakikuuliza mlizaliwa wangapi, sema watatu. Hata kama jina langu hutalitaja, unikumbuke katika hesabu hiyo.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea